Kisumu hadi Ziwa Turkana kwa barabara ya A1: mwongozo kamili wa vituko vya njiani

Ukitoka Kisumu kupitia Kondele ukielekea Kakamega, uko kwenye A1. Wengi wetu huijua kama barabara ya kwenda ushago: Krismasi, matanga, harusi, ndizi na kuku kwenye buti. Wachache hujiuliza inaishia wapi. Ukiifuata tu, inapita Kakamega, Webuye na Kitale, inateremka kati ya milima pale Marich, inaingia jangwani Turkana, halafu inaendelea kupitia Lodwar na Lokichoggio mpaka Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Ukiiacha Lodwar na kushika njia ya Kalokol, unafika kwenye ziwa lingine, la magadi, lililozungukwa na mchanga.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuiendesha barabara hiyo kwa siku nne au tano akisimama kwenye vitu vya ajabu vilivyo kando yake. Aliye Nakuru apitie Eldoret, kisha aunganike nasi Kitale. Atakosa jiwe linalolia na mafahali, lakini jangwa lote ni lake. Nina sharti moja tu: kila kituko njiani kina hadithi ya mwenyeji na maelezo ya mtafiti, na mara nyingi havikubaliani. Usiondoke mahali kabla hujavisikia vyote viwili. Mwenyeji ndiye wa kuanza naye, kwa sababu mtafiti utamsoma hata ukiwa nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua tarehe, na uanze Jumamosi

Mvua ndefu za Machi hadi Mei ni wakati mbaya. Si kwa sababu Turkana hunyesha sana, la. Lodwar hupata milimita 200 hivi kwa mwaka mzima. Tatizo ni laga, yale makorongo makavu yanayokata barabara huko chini. Mvua hunyesha milimani, mbali, wewe uko chini ya jua kali bila wingu, na maji yanakukuta yamebeba magogo. Januari na Februari ni kukavu, ingawa joto ni la kukaangia yai. Juni na Julai pia panafaa.

Anza Jumamosi asubuhi kwa sababu ya mafahali wa Khayega, nitakaowaeleza hapa chini. Kuanza Jumamosi pia kunakufikisha Lodwar Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi maduka, mafundi na ofisi zote ziko wazi ukihitaji kitu.

Hatua ya 2: Tayarisha gari

Gari dogo linafika Lodwar. Probox hufika kila siku, zimejaa watu na mizigo juu. Unachohitaji ni gari lililoinuka kidogo na dereva asiye na haraka. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ni la lazima tu ukiamua kuacha lami kwenda Eliye au vijiji vya ufukweni, ambako mchanga humeza tairi.

Tairi ndizo zitakazoamua safari yako. Kagua umri wake, si kashata peke yake. Tairi ya zamani iliyokaa kivulini Kisumu hupasuka kwenye lami ya Lokichar saa nane mchana. Beba spea iliyojaa upepo, na kama una nafasi, mbili. Hakikisha jeki yako inainua gari kweli na spana ya nati inashika. Beba pia kipande cha ubao cha kuwekea jeki, maana mchangani jeki huzama badala ya gari kuinuka. Ukilazimika kuingia mchangani punguza upepo wa tairi kabla hujakwama, kisha ujaze tena ukirudi kwenye lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari itakuokoa hapo.

Rejeta, mkanda wa feni na breki zikaguliwe na fundi unayemwamini, siku kadhaa kabla ya safari. Ukifanya ukaguzi usiku wa mwisho, utagundua tatizo usilo na wakati wa kulitatua.

Mafuta: jaza tanki Kitale, liongeze Makutano ya Kapenguria, jaza tena Lodwar. Katikati yapo, lakini usijenge safari juu ya "yapo".

Maji: lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa tu, na mtungi wa lita ishirini wa akiba usioguswa. Akiba hiyo ni ya rejeta na ya mtu mtakayemkuta kando ya barabara amenyoosha kopo tupu. Utamkuta, na ni haki yake kupata.

Pesa: M-Pesa inafanya kazi mijini, ila mtandao hupotea kwa muda mrefu kati ya mji na mji. Kuwa na noti ndogo ndogo. Mbuga za taifa hulipiwa kwa eCitizen, kwa hiyo lipa ukiwa na mtandao, uhifadhi picha ya risiti kwenye simu. Pakua pia ramani ya njia nzima kabla hujaondoka.

Hatua ya 3: Usalama, bila kuzungukazunguka

Sehemu ya kati ya Marich, Kainuk na Lokichar imewahi kuwa na wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani. Kuna miaka imetulia na kuna miezi imechafuka. Hakuna mwongozo ulioandikwa unaoweza kukuambia leo kukoje, huu ukiwamo. Fanya hivi: jioni kabla ya kushuka, ongea na madereva wa matatu za Lodwar pale stendi ya Kitale. Wanajua zaidi ya redio. Asubuhi uliza polisi Makutano, na tena kwenye kizuizi cha Marich. Wakikwambia usubiri msafara, subiri. Wakikwambia urudi, rudi, ukale samaki Kisumu.

Usiendeshe sehemu hiyo usiku. Panga uwe umeingia Lodwar kabla ya saa kumi na moja jioni, ili hata pancha mbili zisikulaze njiani. Kila mmoja awe na kitambulisho. Usipige picha vituo vya polisi, kambi za jeshi wala madaraja makubwa.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Kisumu hadi Kitale

Amka mapema kuliko unavyotaka. Mafahali hawangoji chai.

Kabla hujafika Mbale ya Wamaragoli utavuka ikweta. Usitegemee kibao, fungua ramani kwenye simu, weka ionyeshe nyuzi, na mpe abiria azitazame zikishuka hadi sufuri kisha herufi ya kusini igeuke kaskazini. Watoto hupenda hili kuliko mnara wowote. Kwenye baadhi ya alama za ikweta nchini utakutana na kijana mwenye beseni lenye tundu na kijiti, atakayekuonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini, upande ule kusini, na yakishuka moja kwa moja katikati ya mstari. Mlipe, ni mchezaji mzuri. Lakini tazama mikono yake. Nguvu ya mzunguko wa dunia hugeuza vimbunga vya mamia ya kilomita. Kwenye beseni ni ndogo mno, na kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa na mwili ulivyogeuka kabla ya tundu kuachiliwa. Mwombe aache maji yatulie kwa muda mrefu, kisha afungue tundu bila kugusa beseni. Atacheka, naye ataanza kukuuliza wewe unatoka wapi.

Khayega iko mbele kidogo, kusini mwa mji wa Kakamega. Hapa na maeneo jirani ya Isukha na Idakho, asubuhi za wikendi na za sikukuu, fahali hupambanishwa na fahali. Hakuna mtu mwenye kisu wala kitambaa chekundu. Utajua umekaribia kwa ngoma ya isukuti, ile iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Fahali analetwa na umati unaokimbia naye barabarani, filimbi na matawi juu, na jina lake linaimbwa kama la mbunge. Egesha gari mbali na njia hiyo, pua ikitazama ulikotoka.

Uwanja ni shamba tu, hauna ukuta. Wale mafahali wanagusanisha vichwa, wananyamaza, wanasukumana. Miguu ya nyuma inachimba udongo, na kwa muda unaweza kudhani wamelala wima. Kisha mmoja anageuza shingo, na pambano limekwisha. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu aliyeshindwa hukimbia, na hachagui njia. Umati hupasuka kama nguo. Kwa hiyo tangu mwanzo simama karibu na mti mnene, usiwe na mtoto mgongoni, na usiwe bize na simu. Kufikia saa tatu au nne shughuli huwa imekwisha. Kuna wanaoona mchezo huu ni ukatili kwa mnyama na wenyeji wanaouona ni heshima ya ukoo. Ukiongea na mwenye fahali kuhusu anavyomlisha utaelewa kwa nini hawezi kukuelewa.

Jiwe la Ilesi, Ikhongo Murwi kwa wenyeji, liko jirani tu, na linaonekana kutoka barabarani kabla hujaingia Kakamega. Ni nguzo ya mwamba iliyosimama juu ya kichuguu cha mawe, imebeba jiwe jingine kama kichwa, na kwa jumla inafika mita 40 hivi. Mchirizi wa maji unashuka "usoni" na kuacha mstari mweusi. Hadithi utakayosimuliwa zaidi ni ya msichana aliyempenda mwanamume ambaye baba yake hakumtaka. Alilia mpaka akawa jiwe, na hajanyamaza. Maelezo ya upande wa pili ni kwamba maji ya mvua hukusanyika kwenye uwazi ulio juu ya nguzo na kuvuja polepole kupitia mfereji ulio katikati. Ukifika kiangazi kikali unaweza kukuta machozi membamba. Vaa viatu visivyoteleza, kubaliana na kijana atakayekuongoza juu ya malipo kabla hamjaanza kupanda, na ukishuka angalia vyungu vya Ilesi, maana wanawake wa hapa ni wafinyanzi wa jina. Chungu kidogo cha mboga kinabebeka. Kikubwa kichukue wakati wa kurudi.

Kakamega yenyewe usiipite bila kujua kwamba miaka ya 1930 watu walimiminika hapa kutafuta dhahabu, na Rosterman, karibu na mji, ilikuwa mgodi wa kweli. Wachimbaji wadogo bado wapo katika kaunti hii. Usiingie shimo lolote, hata ukikaribishwa kwa tabasamu.

Webuye, pumzika ule. Kwa miaka mingi mji huu ulijulikana kwa pua kabla ya macho, kutokana na kiwanda cha karatasi kilichoanza miaka ya 1970. Moshi wake ulilaumiwa kwa kula mabati ya nyumba. Kilifungwa mwaka 2009. Maporomoko ya Nzoia yako karibu, na juu ya kilima kuna Chetambe, ngome ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Hapo hakuna cha kushangaza kwa macho isipokuwa mtaro wa udongo na mandhari. Panda tu kama una mzee wa kukusimulia. Bila yeye ni kilima.

Lala Kitale. Ukifika kabla ya kumi na moja jioni, ingia makumbusho ya mjini. Mzizi wake ni mkusanyiko wa kanali mmoja mlowezi, Stoneham, wadudu, vitabu na kila alichookota. Makumbusho ya taifa yalifunguliwa hapo mwaka 1974. Aliye na siku ya ziada aende Mlima Elgon kuona pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani usiku na kubomoa ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Alama za pembe zinaonekana wazi ukutani. Jua tu kwamba watu wawili waliougua homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamezuru pango hilo, na popo ndio wanaoshukiwa. Tazama ukiwa mlangoni, usiende kushikashika ndani.

Hatua ya 5: Siku ya pili, kushuka

Hii ndiyo siku ndefu: kama kilomita 300 kutoka Kitale hadi Lodwar. Ondoka Kitale saa moja na nusu, ufike Kapenguria makumbusho yakifunguliwa saa mbili na nusu. Yako kilomita chache nje ya A1, ukikata pale Makutano. Hapa ndipo walipofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko baada ya kukamatwa Oktoba 1952. Hukumu ilitolewa Aprili 1953. Ingia kwenye seli moja moja. Simama ndani, mlango ukiwa wazi, unyooshe mikono. Ukubwa wa chumba utakwambia zaidi ya maandishi ya ukutani. Kumbuka majina hayo, kwa maana utakutana na moja tena Lodwar. Kufikia saa nne uwe barabarani.

Kutoka Kapenguria, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, utashuka mpaka Lodwar iliyo mita 500 hivi. Sweta inavuliwa Chepareria, madirisha yanafunguliwa Ortum, na ukifika Marich usukani una moto. Shuka kwa gia, si kwa breki. Kuna malori yanayopanda polepole, na kuna mbuzi wanaoamini barabara ni yao.

Kushoto kwako kunasimama Mtelo, mlima wa mita zaidi ya 3,300. Ukisimama kununua asali, na unapaswa kusimama, uliza pia maziwa ya Wapokot yaliyochanganywa na majivu ya mti wa cromwo. Yana rangi ya kijivu kama maji ya saruji, nayo hutisha mgeni. Yaonje. Majivu huyakinga yasiharibike, na kuyapa ladha ya moshi na chumvi kidogo ambayo mala ya pakiti haitaifikia kamwe. Kwa asali, fungua mtungi, chovya kijiti safi. Ukipewa nta na vipande vya nyuki ndani, hiyo ndiyo yenyewe.

Mpenda madaraja na mabwawa ataona kibao cha bwawa la Turkwel. Limekamilika mwaka 1991, ukuta wake umesimama mita 153 kwenye korongo jembamba, umepinda kama ganda la yai. Ila liko nje ya njia na linahitaji ruhusa. Usiliweke kwenye siku hii. Kuanzia hapo ndovu wa hifadhi ya Nasolot wanaweza kuvuka barabara. Zima redio, punguza mwendo, wape nafasi yote wanayotaka.

Baada ya Kainuk ni miti ya miiba, vichuguu virefu kama minara, na mbingu. Hapa dereva wengi hukimbia ili wafike. Mimi naona ni hapa safari inapoanza kulipa, ukiwa na kitu cha kusimulia abiria. Kwa mfano, nyangumi.

Mwaka 1964, huko Loperot, upande wa kusini wa Turkana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokota kisukuku cha nyangumi. Nyangumi! Kilomita 740 kutoka pwani. Kisukuku hicho kilipelekwa Marekani, kikapotea ndani ya stoo za chuo, na kikapatikana tena mwaka 2011. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliweka umri wake miaka milioni 17, ukaeleza kwamba mnyama huyo alipanda mto kutoka bahari ya Hindi, akapotea njia, akafia bara. Mto haupandi kilima kirefu. Kwa hiyo ardhi hii siku hizo ilikuwa chini, mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Leo mahali hapo ni zaidi ya mita 600. Yule nyangumi amekuwa kipimo cha jinsi Afrika Mashariki ilivyoinuka. Loperot huwezi kuiona kutoka lami, wala hakuna sanamu ya nyangumi kando ya barabara. Ingekuwa nchi nyingine pangekuwa na nyangumi wa saruji mwenye kibanda cha chipsi tumboni. Simulia tu, ukielekeza kidole kulia.

Lokichar ni mji wa mafuta. Machi 2012 ilitangazwa kwamba kisima kiitwacho Ngamia-1 kimegonga mafuta, na kuanzia 2018 malori yalisafirisha mafuta ghafi kwa barabara hii hii hadi Mombasa. Shehena ya kwanza ilipakiwa melini Agosti 2019. Visima vina ulinzi, usiende kuvichungulia. Kunywa chai mjini na usikilize watu wakieleza ni nani aliyetajirika. Kila meza ina jibu lake.

Ukikuta laga ina maji, hata yakionekana ya vifundoni, zima gari usubiri. Mwangalie lori kubwa likivuka kwanza. Maji hupungua kwa saa chache, na aliyeharakisha huonekana amekaa juu ya paa la gari lake.

Hatua ya 6: Lodwar na ziwa

Lodwar ina sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono juu ya kilima, akiutazama mji. Mtu akiona picha bila maelezo atadhani ni Brazil yenye mikoma badala ya bahari. Panda asubuhi kabla ya saa mbili au jioni. Mchana mawe yanachoma kupitia soli. Mjini kuna nyumba ambamo Kenyatta aliwekwa kuanzia 1959, baada ya kutoka gereza la Lokitaung, kabla ya kuhamishiwa Maralal mwaka 1961. Ni nyumba ndogo. Ukiwa na kumbukumbu ya seli ya Kapenguria, utaelewa serikali ya kikoloni ilivyotumia ramani kama gereza: hapa jangwa lenyewe ndilo lililokuwa ukuta.

Kwenye soko nunua vikapu vya ukindu wa mkoma, vinavyosukwa na akina mama wa Kiturkana. Salimia kwanza, "Ejok", kisha uulize bei. Kuhusu picha: shanga na mavazi ya watu si mapambo ya safari yako. Omba, kubaliana, na ukikataliwa, shukuru. Afadhali urudi na picha tatu ulizopewa kuliko mia ulizoiba kupitia dirisha.

Siku ya tatu, mapema, shika barabara ya Kalokol, kama kilomita 60. Kabla tu ya kufika mjini, kando ya barabara, utaona kundi la mawe yaliyochomekwa ardhini yakiwa yameinama huku na huku. Hayo ni Namoratunga, nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno. Ukipita kwa kasi utadhani ni mabaki ya ua. Kwa Waturkana hawa walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Walimcheka pepo aitwaye Namoratunga, akawageuza mawe. Utakuta vijiwe vidogo vimewekwa juu ya nguzo. Usiviondoe.

Upande wa watafiti una kisa kizuri zaidi. Mwaka 1978 wawili kati yao walidai nguzo hizi zimepangwa kuelekea nyota fulani, na zilitumika kama kalenda miaka ya 300 KK. Ikasambaa dunia nzima: wanajimu wa kale wa Turkana! Kisha mtafiti mwingine akapima upya, akagundua mawe yenyewe yana sumaku na yanaivuruga dira. Unaweza kujaribu mwenyewe. Sogeza dira ya kawaida, au ya simu, karibu na nguzo moja na utazame sindano. Uchimbaji kwenye maeneo ya nguzo kama hizi kuzunguka ziwa umeonyesha kwamba yalikuwa makaburi ya jamii za wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita. Eneo moja kati ya hayo, Lothagam Kaskazini, peke yake lilikadiriwa kuwa na watu wasiopungua 580 waliozikwa. Sasa rudi kwenye hadithi ya pepo: wenyeji walikuwa wanasema tangu zamani kwamba chini ya mawe haya kuna watu.

Kalokol penyewe kuna kituko cha zama zetu, jengo la kiwanda cha samaki lililojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilikuwa wafugaji wawe wavuvi na samaki wagandishwe kwa barafu wauzwe mbali. Kugandisha samaki kwenye joto hili kulikula umeme na maji safi kuliko thamani ya samaki mwenyewe, na ghuba ya Ferguson, walikovua, ikakauka. Barafu ilifanya kazi muda mfupi mno. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway, na Wanorwe wakaondoka. Samaki wa Kalokol bado wanauzwa, wakiwa wamekaushwa juani kama walivyokaushwa kabla ya msaada kuja. Ukinunua, funga kwa magunia mawili na uweke kwenye keria juu, usithubutu ndani ya gari.

Kisiwa cha Kati kinafikika kwa boti kutoka upande huu. Ndani yake kuna maziwa matatu madogo kwenye vinywa vya volkeno, na mamba wa Nile huzaliana hapo. Mambo ya kudai: jaketi la kuokolea kwa kila mtu, mafuta ya kwenda na kurudi mkiwa mmeyaona kwa macho, na bei iliyokubaliwa ufukweni. La nne ni la kumwachia nahodha: upepo. Akisema leo hapana, usimwongezee pesa ili aseme ndiyo. Usiogelee popote ambapo wenyeji hawaogelei.

Ukipenda kulala ufukweni badala ya Lodwar, Eliye ina chemchemi za maji matamu zinazotoka mchangani chini ya mikoma. Uliza hali ya njia kabla hujakata kona.

Hatua ya 7: Kurudi

Ondoka Lodwar saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kuuliza tena habari za njia. Habari za juzi hazihesabiki. Kupanda Marich gari litachemka kuliko lilivyochemka kushuka, kwa hiyo zima kiyoyozi, fungua madirisha, na ukiona mshale wa joto unapanda simama kivulini. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Lala Kitale au Webuye. Chungu kikubwa cha Ilesi kinunue sasa, ukifunge kwa blanketi.

Na kama umefika Kisumu ukiwa bado na nusu siku, pita barabara ya Bondo kilomita 29 hivi hadi Kit Mikayi, yaani "jiwe la mke wa kwanza" kwa Kijaluo, mawe makubwa yaliyopandana kama boma la mume mwenye wake wengi. Utaambiwa habari za mzee Ngeso, aliyeyapenda mawe hayo hata akawa anashinda humo, mkewe akimpelekea chakula na kuwaambia waliouliza kwamba mume yuko kwa mke wa kwanza. Utakuta pia waumini wa Legio Maria wakisali kwenye nyufa. Vua kofia, ongea kwa sauti ya chini, na ukipanda juu angalia pale unapoweka mkono.